Mtoto wa Meza

Aprili mwaka jana droo ya meza ya babu ilikataa kufunguka. Ndani yake mlikuwa na hati ya shamba. Mpimaji wa ardhi alikuwa anakuja Jumatatu kuangalia mpaka wetu na jirani, na baba mdogo alitaka hati hiyo itolewe nakala kabla mtu hajafika na kamba yake. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Ufunguo ulizunguka vizuri, kitasa kikalia, lakini droo ilitoka upana wa kidole kimoja tu, ikasimama. Baba mdogo akavuta mpaka kishikio kikabaki mkononi mwake. Akatoka nje, akarudi na panga.

Dani, yaani nyanya yangu, hakusema kitu. Alivuta kiti chake akakiweka mbele ya ile droo, akakaa. Halafu ndio akasema: "Hii meza itavunjwa nikiwa nimelala kule kwa mzee. Si leo."

Wacha niseme ukweli mapema. Droo hiyo nilikuwa nimeitengeneza mimi mwenyewe, Januari. Nilikuwa nimerudi nyumbani Katito baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu, karo imenishinda, nakaa kwenye simba yangu nikiandikia watu makala za mtandaoni kwa malipo ya kuhesabu maneno. Mchana ulikuwa mrefu. Droo ilikuwa imelika kingo za chini kwa miaka yote ya kuvutwa, kwa hivyo ikitoka inainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Nikatazama video tatu, nikanunua vipande vya sipresi, nikavibandika chini ya zile kingo kwa gundi na misumari, nikapiga randa mpaka droo ikaingia bila kuacha hata nafasi ya karatasi. Niliipiga picha. Watu wakaipenda.

Kwa hivyo aliyefunga hati ya shamba alikuwa mimi. Baba mdogo hakujua. Dani alijua, akanyamaza.

Usiku huo sikulala. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya isipokuwa kuona aibu, nilianza kujiuliza kitu hiki, droo, kilifikaje kwetu. Nimeendelea kujiuliza tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyopata.

Kiswahili cha kamusi kinakiita mtoto wa meza. Kamusi zina pia saraka, lakini barabarani Katito, pale njia ya Kendu Bay inapoachana na ile ya kutoka Ahero kwenda Sondu, mafundi wote wanasema droo. Mimi napenda lile jina la kwanza, kwa sababu droo kweli haiwezi kusimama peke yake. Hutoka tumboni mwa kitu kingine na lazima irudi humo humo.

Majina ya kazi hii yenyewe yanaonyesha njia iliyopita. Meza ni neno la Wareno, na kasha pia ni lao. Msumari ni Kiarabu. Randa ilitoka Bara Hindi na bado huko inaitwa hivyo hivyo. Pwani walizoea droo muda mrefu kabla yetu. Yale makasha yanayoitwa ya Zanzibar, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, mengi hayakutengenezwa Zanzibar. Yalitoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaja na majahazi ya msimu. Mengi yana droo chini, mara nyingi tatu, na ukifungua kifuniko unakuta pembeni kisanduku kidogo chenye nafasi ya siri. Ni fenicha ya wafanyabiashara na ya mabibi harusi: watu wenye dhahabu, vito, mikataba na hati za madeni.

Duniani kote droo imefuata vitu kama hivyo. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa Misri mwaka 1922, kati ya vitu vyake kulikuwa na sanduku la mchezo wa bao la Kimisri lenye droo ya kuwekea kete. Lina zaidi ya miaka 3,300. Hata mfalme alihitaji mahali pa vitu vidogo ambavyo havitakiwi kupotea.

Huku ziwani wazee wetu hawakuwa na droo, na si kwamba akili ya kuitengeneza ilikosekana. Nafaka ilikaa kwenye dero, maji kwenye dapi, unga kwenye adita. Mzee alikuwa na kom, kigoda chake. Kom huchongwa kutoka gogo moja, miguu na kikalio, bila kiungo hata kimoja. Mti ukivimba unavimba wote, ukinywea unanywea wote. Droo ni habari nyingine. Ni vipande vitano, uso, mgongo, mbavu mbili na sakafu, kila kimoja na tabia yake, na vyote lazima viingie ndani ya kitu cha sita na kutoka bila ugomvi. Mtu haanzi kujisumbua hivyo mpaka awe na kitu bapa, kidogo, cha siri. Kitu kama karatasi.

Karatasi ilikuja na reli. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Miaka hiyo hiyo ya kwanza ikaja kodi ya nyumba, iliyohesabiwa kwa rupia, na pamoja na kodi ikaja haja ya kuonyesha kwamba umelipa. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika mtu mzima abebe karatasi yake, na akatundikiwa kikopo cha chuma shingoni cha kuihifadhi. Baadaye zikaja barua za mshahara, vyeti vya ubatizo, vyeti vya shule, na baada ya Uhuru hati za mashamba. Mambo ambayo zamani yalikaa kichwani mwa mzee na midomoni mwa mashahidi yakahamia kwenye karatasi. Na karatasi ina maadui ambao ushahidi wa mdomo hauna: mchwa, mvua, panya, na mtoto wa ndugu yako.

Reli hiyo hiyo ilileta mafundi. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliajiriwa kutoka Bara Hindi kuijenga. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengi wa waliosalia wakarudi kwao, na kama 6,700 wakabaki. Kati ya Wahindi waliokaa, wale wa kazi hiyo na wale waliofuata baadaye, walikuwemo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, watu ambao useremala na uhunzi ni kazi ya vizazi kwao. Sisi tukawaita Kalasinga. Kwenye karakana za Wahindi, vijana wengi wa hapa waliingia kama vibarua wa kufagia maranda na kushika upande wa pili wa ubao. Fundi hakukaa chini kukufundisha. Uliiba kwa macho.

Njia ya pili ilikuwa misheni. Waquaker walifungua kituo Kaimosi mwaka 1902, na jina lenyewe walilojipa lilikuwa la misheni ya viwanda. Waanglikana wa CMS walianza Maseno mwaka 1906 chini ya J. J. Willis, na huko pia kijana alifundishwa kusoma na kufanya kazi za mikono. Sasa, mwaka 1908, miaka miwili tu tangu shule ianze, wanafunzi wa Maseno waligoma. Walikuwa wamechoka na kazi za mikono. Walitaka vitabu.

Nimefikiria sana huo mgomo, na kusema kweli nisingeweza kuwalaumu. Waliona mambo vizuri. Aliyejua kusoma alikuwa karani, na karani ndiye aliyeandika jina lako kwenye karatasi ya kodi. Aliyejua mbao alitengeneza meza ya karani. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, James Aggrey wa Gold Coast akiwa mmoja wao, na ikashauri elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, ufundi na maisha ya kijijini. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 serikali ikafungua chuo cha ufundi Kabete, kilichotoa maseremala na waashi waliosambaa nchi nzima. Ushauri ule haukuwa mbaya wote. Ubaya wake ni kwamba waliokuwa wakitoa ushauri watoto wao hawakupelekwa kwenye randa. Kwa hivyo mbao ikawa na harufu ya kunyimwa. Ikawa ni kazi ya anayebaki baada ya wengine kuitwa.

Harufu hiyo bado ipo. Nilipoacha chuo, mtu mmoja wa ukoo, kwa nia njema kabisa, aliniambia: "Si uende basi hata ujifunze useremala." Hilo neno *hata* ndilo lililonikaa. Lina miaka zaidi ya mia moja.

Jumamosi asubuhi nilivaa gamboti nikaenda kwa fundi. Ana kibanda cha mabati kando ya lami, vitanda na viti vimepangwa nje vikiangalia magari. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu. Nilimwambia kila kitu, pamoja na sipresi yangu na picha niliyopiga. Alicheka kidogo, halafu akauliza swali moja: "Uliifunga mwezi gani?"

"Januari, Jaduong'."

"Basi. Ulipima kiangazi ukasahau mvua."

Alikuja nyumbani na mkoba mdogo. Hakuvuta droo hata mara moja. Aliinama akapitisha vidole chini ya meza, akagonga hapa na pale, akasikiliza. Alimwomba dani ruhusa ya kuilaza meza. Kisha akatwambia tuwashe jiko la makaa, tuliweke hatua chache kutoka hapo, mlango na madirisha yabaki wazi, na mtu asilale chumba hicho. Joto likaushe mbao polepole. Baba mdogo akauliza muda gani. "Mpaka itakapotaka," fundi akasema. "Mbao haina Jumatatu."

Wakati tunangoja alinieleza kosa langu, na ndipo nilipoelewa kwamba droo ni hesabu ya hali ya hewa. Ubao haukui kwa urefu, au hukua kidogo mno usiweze kuona. Hukua kwa upana, kukata nyuzi zake, kila hewa inapokuwa na maji. Ubavu wa droo umelazwa kwa urefu, kwa hivyo upana wake ndio kimo cha droo. Mvua ya Machi hadi Mei ikija, na sisi tuko karibu na ziwa, ubavu unapanda juu. Kama hapana nafasi juu yake unagonga mbao ya meza na kukwama. Mimi nilikuwa nimeongeza vipande chini nikaijaza nafasi yote, mwezi ambao mbao zimenywea kabisa. Aliyeitengeneza mwanzo aliacha nafasi kwa makusudi. Mimi niliona ni ulegevu nikaurekebisha.

Jumapili jioni droo ilitoka. Fundi aliisukuma kutoka nyuma kwa kiganja, upande mmoja kidogo, upande wa pili kidogo, ikateleza ikamwangukia mikononi. Dani alichukua karatasi zote kwanza, akazifunga kwenye leso, akaishika hati ya shamba kifuani. Halafu akatuachia sanduku tupu, tukaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

Babu aliinunua meza hii Kisumu kabla tu ya Uhuru, alipokuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Miwani, ikaja juu ya basi. Hayo dani husimulia. Lakini droo yenyewe ilikuwa na mambo yake ya kusema. Pale uso unapokutana na mbavu hapakuwa na misumari. Kulikuwa na meno yaliyokatwa kwa mkono, membamba kwenye shina, mapana kwenye ncha, kama mkia wa njiwa, yameingia kwenye matundu ya umbo hilo hilo. Fundi anayaita davteli. Akanionyesha kwa kuvuta uso: kila siku ya maisha yake droo huvutwa kwa mbele, na kila mvuto ni jaribio la kung'oa uso huo. Msumari uliopigwa kwa mbele utafuata mkono siku moja. Jino la davteli haliwezi kutoka upande huo hata gundi ikifa, kwa sababu ncha ni pana kuliko mlango wake. Uingereza kiungo hiki kilienea kwenye droo kuelekea mwisho wa karne ya 17, na kutoka huko kikasafiri na vyuo vya ufundi mpaka kwetu.

Sakafu yake haikuwa plaiwudi. Ilikuwa mbao mbili nyembamba, kingo zimechongwa zikawa kama makali ya kisu, zimeingia kwenye mfuo uliokatwa ndani ya mbavu. Hazikubandikwa gundi. Zilishikwa kwa misumari miwili tu nyuma, ili mvua ikija zipanukie huko nyuma bila kupasua kitu. Na chini kabisa, kwa penseli, kulikuwa na mistari miwili mifupi na duara, alama ya fundi ya kukumbuka kipande kipi kinakwenda wapi. Hakuandika jina. Karatasi zote zilizokaa humo miaka sitini zina majina: jina la babu kwenye risiti za kodi, jina lake kwenye hati, jina la baba mdogo kwenye cheti cha darasa la nane, jina langu kwenye barua ya kuitwa chuoni. Mtu aliyezilinda zote ana mistari miwili na duara.

Nilimuuliza fundi yeye alijifunzia wapi. Alisema shuleni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na masomo ya mikono, na yeye alifanya useremala mpaka mtihani wa KCSE. Walichora davteli kwenye karatasi kabla ya kuikata kwenye mti. Mtaala ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo hayo yalitupwa nje ya shule za msingi. Mimi ni wa baada ya hapo. Nimefika mwaka wa tatu wa chuo kikuu bila mtu yeyote kuwahi kuniambia kwamba ubao hupanuka.

Nilimuuliza pia kama bado anakata davteli. Akasema mara moja moja, mteja akija na subira na pesa. Droo anazouza barabarani huwa za misumari na gundi, sakafu ya plaiwudi, siku hizi na reli za chuma zenye magurudumu madogo. Sikusikia majuto katika sauti yake. Reli za chuma husamehe, alisema. Hazijali mvua sana. Na mbao nzuri imekuwa ghali. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, bei ilipanda, na hata baada ya Rais kutangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeisha, wateja walikuwa wameshazoea mbao za kiwandani. "Mteja analipa uso," fundi alisema. "Mbavu hakuna anayeziangalia."

Jioni hiyo alinipa randa yake akanisimamia. Nilichonga vile vipande vyangu vya sipresi, kidogo kidogo, nikijaribu droo kila mara. Nilipotaka kuacha aliitoa mfukoni sarafu ya bob ishirini, akaipitisha juu ya ubavu, kati yake na meza. Ilikwama. Nikachonga tena. Ilipopita bila kugusa, akasema, "Sasa kwa vile mvua imeshaivimbisha, hiyo inatosha. Ungekuwa unafunga Januari, ningekuwekea mbili." Tukapaka nta ya mshumaa kwenye njia zake. Nikamwuliza ni ngapi. Akataja bei, halafu akaipunguza, halafu akaniambia kama mchana wangu bado ni mrefu nije Jumanne nifagie maranda.

Jumatatu mpimaji alifika saa tano. Hati ilikuwa mezani, nakala pembeni. Mpaka uko pale ulipokuwa. Jirani alikunywa chai akaenda zake. Baba mdogo alirudisha kishikio mahali pake mwenyewe, kwa skrubu mpya, bila kuombwa, na mimi nikamwambia ni nani aliyeifunga ile droo. Alinitazama, akaendelea kukaza.

Dani alipanga karatasi zake upya. Alipofika kwenye barua yangu ya chuo nilimwambia hiyo anaweza kuitupa. "Nyakwara," aliniambia, "ni ya kwako au ya kwangu?" Akaiweka chini ya hati ya shamba, akafunga, ufunguo akauingiza kwenye leso.

Nilienda Jumanne. Bado naenda, siku tatu kwa wiki. Siku nyingine naandika. Mwezi wa nane, jua lilipokaa sana, droo ilianza kulegea, ukiivuta inacheza kushoto na kulia. Dani alilalamika, akataka niibane. Nilimwambia tuiache hivyo hivyo, Oktoba haiko mbali.